Kiondo Hakirudi Kitupu

Tulikuwa na kilo mia mbili na kumi na nne za mizigo, ndege ilikuwa kesho yake jioni, na katika mizigo hiyo hapakuwa na ngoma hata moja.

Mimi ndiye mpiga ngoma. Jina langu ni Kinyua, lakini watu wengi huniita Baba Shiku. Nimepiga ngoma miaka ishirini na saba, Karatina, Othaya, Nanyuki, Chuka, kwenye harusi, kwenye baa, na kwenye mikutano ya siasa ambako tuliahidiwa malipo na bado tunangoja. Shule niliacha darasa la sita, lakini mizani najua kusoma. Hii ilikuwa ile ya kuning'iniza, ya kupimia kahawa, tuliyoazima Mukurweini. Niliifunga kwenye boriti sebuleni kwangu hapa Skuta, Nyeri, na nikapima kila kitu mara mbili. Shirika la ndege lilituruhusu kilo arobaini na sita kila mtu. Tulikuwa wanne. Hiyo ni mia moja na themanini na nne. Ngoma zangu na vyuma vyake ni kilo hamsini na tatu, na zilikuwa zimekaa nje barazani kama wageni walionyimwa kiti.

Mwenye safari alikuwa Kabura. Kabura ni msichana wa Mukurweini, miaka ishirini na sita, ana sauti ambayo ukiisikia unasahau ulikuwa unaenda wapi. Zamani alikuwa akipeleka maziwa ya mama yake kwenye kituo cha kukusanyia huku akiimba njiani. Kisha akatunga wimbo wa msichana anayemwaga maziwa yote kwa sababu amemwona kijana fulani kwenye pikipiki, na wimbo huo ukaenda kwa simu za watu mpaka nchi ambazo sijui ziko upande gani. Ndipo bango likachapishwa: KABURA, ZIARA YA DUNIA. Dunia yenyewe ilikuwa miji mitatu, Doha, Birmingham na Boston. Hakuna aliyecheka. Ukitoka Mukurweini, miji mitatu ni dunia ya kutosha.

Bendi ilikuwa mimi, Ogutu wa gitaa, na Shiro anayeitikia na kucheza. Ogutu ni mtoto wa askari, amezaliwa hapa Nyeri, anaelewa Kikuyu chote lakini anajifanya haelewi akitumwa dukani.

Mizigo ililetwa na mdomo wa Kabura mwenyewe. Alhamisi ya wiki iliyotangulia aliitwa redioni kuzungumzia safari. Mtangazaji akamuuliza atawapelekea nini Wakenya walioko huko. Angesema salamu, ingetosha. Lakini alikuwa amefurahi, na mtu akifurahi mdomo hukimbia mbele ya kichwa. Akasema, "Mama yeyote aliye na mtoto Doha, Birmingham ama Boston, alete kitu kidogo tu. Nitampatia mtoto wake kwa mkono wangu."

Alisahau kwamba mama wa huku akiambiwa kidogo, anasikia debe.

Jumamosi saa moja asubuhi mlango wangu ukagongwa. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na barabara, kwa hiyo redio ilikuwa imetaja nyumba yangu. Walikuja na vyondo, vile vikapu vyetu vya kusokotwa. Njahi, yale maharage meusi yetu, unga wa uji, majani ya chai, nduma, ndizi mbichi, viatu, Biblia, blanketi. Cucu mmoja wa Mathira, bibi wa miaka themanini na kitu, alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye sufuria, umefunikwa kwa taulo, bado unatoa mvuke.

"Mpatie kama ni moto," akaniambia.

"Cucu, tunasafiri Jumatano."

"Si unasema ni ndege? Ndege ni haraka."

Mukimo ule tuliula mimi na Ogutu. Mungu atusamehe, ulikuwa mtamu.

Hezekiah, fundi wa baiskeli wa hapo chini, alileta mtungi wa lita tano. Akasema ni asali ya kijana wake aliye Doha, ana kikohozi. Nikafungua kifuniko nikanusa. Asali haichemki yenyewe.

"Hezekiah, hii ni pombe, ni muratina."

"Ni dawa."

"Huko Doha wakimshika mtu na dawa kama hii, anaenda jela."

"Basi mwambie anywe haraka haraka."

"Rudi nayo nyumbani."

"Siwezi kurudi nayo, mke wangu Mama Muthoni atajua ilikuwa wapi siku zote hizi." Akaniachia, akaondoka akipiga mluzi.

Kufikia Jumanne kulikuwa na vyondo themanini na saba. Hamsini na viwili vya Doha, kumi na vinne vya Birmingham, ishirini na kimoja vya Boston. Kila kimoja kilikuwa na karatasi yenye jina la mtoto, nambari yake ya simu na ya mama yake, na mahali alikotoka. Kwangu hakukuwa na pa kukaa. Mke wangu alikuwa akipita ubavu kwenda jikoni.

Saa nne asubuhi siku hiyo, Khavere akapiga simu. Khavere ni mama wa Vihiga anayefanya kazi Doha, ndiye aliyekodi ukumbi na kututafutia tajiri wa kununua tiketi za ndege. Kabura akaweka simu juu ya kiondo ili sote tusikie.

"Kabura, mpenzi, sitakuficha. Ukumbi ni wa watu mia tatu. Tumeuza tiketi arobaini na moja."

Kabura akaongeza sauti ya simu.

"Tajiri ameniambia watu wasipofika mia mbili siku ya Ijumaa, Birmingham na Boston anazifuta. Mtaimba hapa, halafu mrudi nyumbani Jumamosi."

"Lakini wimbo wetu wanausikiliza huko," Shiro akasema.

"Wanausikiliza kwa simu, bure, kitandani. Watu wamechoka, dada. Hawa ni walinzi na wafanyakazi wa nyumba. Siku yao ya mapumziko ni moja."

Simu ilipokatika, Kabura alikaa juu ya gunia la njahi akaangalia bango ukutani. Nyuso zetu nne zilikuwa pale, na chini yetu miji mitatu kwa herufi nyekundu. Mama yake alikuwa amebandika bango kama hilo kwenye mlango wa zizi la ng'ombe. Mukurweini yote ilijua. Akirudi Jumamosi baada ya siku tatu, angepita wapi?

"Ati ziara ya dunia," akasema. "Wataniita ziara ya uwanja wa ndege."

"Nitakwambia ukweli," nikasema.

"Baba Shiku, leo usiniambie."

"Nitakwambia. Watu hawaji kwa sababu hawajui tutapiga muziki au tutauza njahi. Wewe unakwenda kuimba. Mimi bila ngoma ni mzee amekaa kwa kiti. Hii mizigo yote irudi kwa wenyewe, leo, halafu tupange vyombo kama bendi."

"Nimeahidi redioni."

"Umeahidi kitu kidogo. Hii si kitu kidogo, hii ni soko la Karatina."

"Ukimrudishia mama mzigo wa mtoto wake, umemwambia mtoto wake si kitu."

"Mimi nitawaambia. Nimezoea kuchukiwa."

Ogutu akasema, "Buda, acha tu. Hao mathe watakumaliza."

"Hawatanimaliza. Naanza na hiki hapa." Nikainua kiondo kilichokuwa mlangoni, cha kilo saba, chenye mistari ya zambarau. Karatasi ilisema: Waweru wa Monicah, Wamagana, Doha. Wamagana ni karibu. Nikasimamisha boda boda, nikakipakata kiondo kifuani, tukaenda tukiteleza kwenye matope ya mvua ya Novemba.

Monicah nilimkuta shambani kwake akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ana macho ya kukagua. Aliona kiondo chake kabla hajaniona mimi.

"Umeshaenda na kurudi? Hii ndege ni kali."

"Mama Waweru, mzigo umezidi. Nimekuja kukurudishia."

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alitua kikapu, akafuta mikono, akachukua kiondo akaketi kwenye jiwe. Akatoa njahi akaweka chini. Akatoa unga. Akatoa chupa ya samli. Kilichobaki kilikuwa sweta moja la kijivu, la kufuma kwa mkono, nene kama godoro.

"Sasa ni kidogo," akasema. "Peleka."

"Mama, Doha ni jua. Watu huko wanatembea na maji mkononi."

"Yeye ni mlinzi wa usiku. Usiku ni usiku."

"Sasa si umtumie pesa anunue koti huko?"

"Hujanielewa, Baba Shiku." Akaanza kukunja sweta upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. "Waweru hajanipigia simu miezi kumi na minne. Nikipiga hashiki. Alituma pesa mara mbili, halafu wakampunguzia mshahara, hivyo nilisikia kwa mwenzake. Sasa ana aibu. Anafikiri nangoja pesa. Hakuna maneno naweza kumwambia kwa simu, kwa sababu simu hashiki. Lakini hii kiondo ataishika. Wewe mwambie tu: mama yako anasema kiondo ni chake na anakihitaji."

"Basi?"

"Basi. Kwani nyumbani kwenu kiondo hurudi hivi hivi?"

Kwetu sote ni sheria, ingawa hakuna aliyeiandika. Jirani akikuletea kitu ndani ya kiondo, hutamrudishia kiondo kikiwa kitupu. Utaweka hata kabichi, hata yai, hata kiberiti. Anayerudisha kitupu amesema undugu umekwisha, na hakuna mtoto wa huku asiyejua hilo.

"Ataweka kitu," Monicah akasema. "Na mkono ukishaweka kitu, mdomo utafuata. Nimemlea, namjua."

Nilirudisha njahi ndani ya kiondo. Nikarudisha unga. Samli nilikataa, ingemwagika. Aliniangalia hivyo bila kusema asante, kama mtu anayemwangalia ng'ombe wake akirudi zizini mwenyewe.

Juu ya boda boda ndipo nilipoona kitu ambacho sisi wanne tulikuwa tumekaa juu yake tangu Jumamosi. Vyondo hamsini na viwili. Watoto hamsini na wawili wa Doha. Na nyuma ya kila mmoja, mama.

Nilipofika nyumbani Kabura aliangalia kiondo mikononi mwangu.

"Nilikuambia," Ogutu akasema. "Mathe amekumaliza."

"Nyamaza. Shiro, leta kalamu na karatasi zote za Doha. Hatutagawa mzigo nyumba kwa nyumba. Kila kiondo kitaitwa jukwaani, katikati ya nyimbo. Jina la mtoto, jina la mama, jina la kwao. Asiyekuwa ukumbini ataitwa mara tatu."

Kabura akafikiri. "Nani atawaambia? Khavere?"

"Hapana. Tunawapigia simu."

"Watoto hamsini na wawili walio kazini?"

"Nani amesema watoto? Tunawapigia mama zao."

Tuligawana karatasi, kumi na tatu kila mtu. Nilisikia maneno yale yale kutoka pembe nne za nyumba. "Ndiyo mama, mzigo utafika. Lakini lazima aje mwenyewe ukumbini, Ijumaa saa kumi. Ndiyo, mbele ya watu wote. Asipokuja? Ataitwa mara tatu, na Shiro atarekodi kwa simu."

Mama mmoja wa Othaya akaniuliza, "Ati aitwe na jina langu mara tatu na hayuko? Mbele ya watu wa Murang'a?"

"Na wa Kiambu pia watakuwa."

"Ngoja," akasema, akanikatia.

Bado kulikuwa na kazi ya mizani. Tulitoa nduma, ndizi, na kila kilichopikwa. Kwenye vyondo vikubwa tulipunguza njahi tukawapa majirani. Jioni tulikuwa na kilo mia moja sitini na nane za vyondo. Nguo za jukwaani na gitaa zikala kumi na tano na nusu. Ikabaki nusu kilo, na ngoma zangu zikiwa bado barazani.

"Baba Shiku, ngoma zako," Kabura akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Ningependa kusema sikuumia. Niliumia. Ile ngoma kubwa ya mguu niliinunua kwa pesa za ng'ombe mwaka ambao binti yangu Shiku alizaliwa. Lakini nilikuwa nimetoka Wamagana.

"Ngoma haina mama," nikasema. "Khavere ameahidi nyingine huko. Nitabeba ndogo moja mkononi, na sahani moja ya shaba, ile ya kugonga, ndani ya koti."

Kisha mimi na Ogutu tukashughulikia dawa ya Hezekiah, ili isipotee. Asubuhi nikanunua chupa ndogo ya asali ya kweli nikaibandika jina la kijana wake. Kichwa kiliniuma mpaka mawinguni, na hapo nasema mawingu yenyewe, kwa maana tulikuwa tumesharuka.

Alhamisi Khavere alitupokea akiwa amekunja uso kama mtu anayehesabu.

"Mmefanya nini nyinyi? Tangu jana simu yangu hailali. Watu wananunua tiketi huku wakiniomba msamaha. Mmoja amesema, dada, tafadhali, niweke mbele, mama yangu ameniambia nikikosa nisirudi Krismasi."

"Zimefika ngapi?" Kabura akauliza.

"Mia mbili na ishirini."

Kabura alimkumbatia Shiro, kisha Ogutu, kisha dereva wa gari ambaye hata hatukumjua. Sikuelewa zile mia na zaidi zilitoka wapi mpaka Ijumaa. Walikuja na marafiki. Chakula cha mama hakiliwi peke yako, na aibu pia ni bora iwe na mashahidi wa upande wako.

Ngoma alizoahidi Khavere hazikuwapo. Mwenye ngoma alizipeleka kwenye harusi saa tano asubuhi, na saa kumi watu mia mbili na themanini na sita walikuwa wamekaa wakitungoja. Niliangalia huku na huku. Sanduku la Kabura, jekundu, la plastiki ngumu, lilikuwa limeshatolewa vyondo. Nikalisimamisha sakafuni nyuma ya kiti changu, nikalipiga kwa kisigino. Lilitoa sauti nzito, nzuri kuliko nilivyostahili. Ngoma ndogo magotini, sahani ya shaba imefungwa kwenye kiti kwa kamba ya kiatu, kisigino nyuma. Ogutu akanitazama.

"Buda, unakaa kama punda anayefukuza nzi."

"Piga gitaa."

Tukaanza. Wimbo wa maziwa waliuimba wao kuliko sisi. Baada ya wimbo wa pili Kabura akachukua kiondo cha kwanza, akasoma, "Beverlyne, mtoto wa Mama Kasyoki wa kule nyumba za polisi, Nyeri!" Msichana akatoka nyuma akikimbia na viatu mkononi, watu wakishangilia kama amefunga bao. Akafungua, akanusa majani ya chai, akafunika uso. Kisha akageukia kipaza sauti akasema, "Mama, nimekuja! Shiro, umerekodi?"

Ikawa hivyo. Nyimbo mbili, vyondo vitano. Wengine walicheza wakija, wengine walitembea polepole kama wanaenda kupokea sakramenti. Kijana wa Hezekiah alipokea chupa ya asali, akafungua, akanusa, akaonja kwa kidole, na akanywea. Nikamwambia, "Ile nyingine tuliiombea ikafa." Alicheka mpaka akaketi.

Kiondo cha mwisho kilikuwa chenye mistari ya zambarau.

"Waweru wa Monicah, Wamagana!"

Hakuna kiti kilichosogea.

"Waweru wa Monicah!"

Watu wakaanza kugeuka nyuma. Mtu mmoja mlangoni akasema kwa sauti, "Yuko kazini huyo. Lindo la mchana wiki hii."

Nilimwona Kabura akifikiri. Mara ya tatu hakumwita. Alikiweka kiondo mbele ya jukwaa, mahali pa kuonekana, akasema, "Huyu tunamngoja," tukapiga nyimbo nne za mwisho kikiwa pale kama mgeni wa heshima. Tulipomaliza, tajiri, Mkenya mnene ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, alikuja akanishika mkono. Akasema Birmingham iko, na Boston iko, na akauliza hiyo ngoma nyekundu ni ya kampuni gani.

Jumamosi saa sita mchana, tukifunga mizigo, kijana aliyevaa sare ya ulinzi alisimama kwenye mlango wa hoteli. Mrefu, mkavu, macho ya kukagua. Sikuhitaji kuuliza.

"Naitwa Waweru. Nimesikia kuna... simu yangu ilipotea, ndiyo sababu..." Akaangalia viatu vyake. "Hapana. Simu iko. Sikuwa na pesa."

Mimi si mtu wa maneno matamu. Nikampa kiondo. "Mama yako anasema kiondo ni chake na anakihitaji."

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akatoa njahi, akatoa unga, akatoa sweta. Alilivaa pale pale, juu ya sare, jua la Doha likichemsha lami nje. Jasho lilimtoka, hakulivua. Kisha akaona alichobaki nacho mkononi: kiondo kitupu. Alikiangalia ndani kama mtu aliyedondosha kitu kisimani. Akapapasa mifuko yote. Akatoka mbio, akarudi na pakiti ya tende. Akaiweka, akaona haitoshi. Mwishowe akajivua filimbi yake ya ulinzi shingoni akaitia juu ya tende.

"Mwambie ni ya kufukuzia nyani kwa mahindi," akasema. Kisha akatoa simu, akatoka nje kwenye kivuli cha ukuta, akapiga. Sikusikia walichosema. Nilisikia akicheka, basi.

Lile la vyondo kurudi hatukuwa tumelifikiria. Tulifikiria kwenda tu. Doha hamsini na viwili vilirudi hotelini, hakuna hata kimoja kitupu. Kanga, sabuni, tende, perfumu, redio ndogo, na viatu vya baba fulani vya namba kumi na mbili. Tukamwachia Khavere kwa muda. Birmingham walijaza chai yao na biskuti, kana kwamba Nyeri haina chai. Boston waliongeza vitamini na makoti. Tulipokusanya vyote kurudi nyumbani vilikuwa kilo mia mbili na arobaini na moja.

Basi gharama ya ziara ya dunia ilikuwa hii. Ngoma mbili kati ya zile nilizoacha barazani, ngozi zake zimetobolewa na panya. Sanduku moja jekundu, limepasuka ubavu mjini Boston katika wimbo wa mwisho. Kisigino cha kiatu changu cha kulia. Sufuria moja ya mukimo, iliyoliwa na watu wasiostahili. Lita tano za Hezekiah, na siku moja ya maumivu ya kichwa. Nguo nane za jukwaani za Kabura, alizowagawia wasichana wa Boston ili vyondo vipate nafasi. Siku kumi na moja za mimi na Ogutu kuzunguka kwa pikipiki, Mukurweini, Othaya, Mathira, mpaka karibu na Nanyuki, tukirudisha vyondo themanini na saba, na vikombe vya chai ambavyo sikuweza kukataa, sitini na kitu. Na sikio langu la kushoto, kwa sababu Wamagana tulifika mwisho, na Monicah alipoiona ile filimbi aliiweka mdomoni akaipuliza papo hapo, nikiwa bado nimeinama kushusha tende.

Linalia mpaka leo.